Monasteri za Kaunti ya Louth: nani aliyezimaliza?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ikungi, Singida. Hospitali yetu ya Makiungu ilianzishwa na masista wa Ayalandi, na tangu zamani tuliwasikia wakiutaja mji wao wa Drogheda. Sasa mjukuu wangu anasoma Dublin, na amenitumia picha za magofu ya Mellifont, karibu na mji huo. Anasema kaunti ile, Louth, ilijaa nyumba za watawa, na zote zilifungwa na Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Ni kweli? Zilianzaje? Masista wetu wana undugu wowote na watawa wale wa kale? Na mjukuu wangu akipata siku moja ya nafasi, akaone nini?"

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu wako amesema kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayonivutia zaidi. Henry VIII alizifunga nyumba alizozikuta mwaka 1539. Lakini nyumba hizo, karibu zote, zilikuwa za mashirika yaliyotoka Bara la Ulaya, na nyingi hazikuwa zimetimiza hata miaka 400 katika ardhi ile. Monasteri za Kiayalandi hasa, zile za karne ya 6, zilizochonga misalaba ya mawe na kujenga minara, Henry hakuzikuta. Zilikuwa zimekwisha kufa zamani, na walioziua walikuwa Wakatoliki wema, mmoja wao akiwa mtakatifu. Tuanzie huko.

Louth ndiyo kaunti ndogo kuliko zote za Ayalandi. Haifiki kilomita za mraba 900. Iko pwani ya mashariki, kati ya Dublin na Belfast. Kusini inapakana na mto Boyne na kaskazini na hori ya Carlingford. Udongo wake una rutuba, njia ya kwenda Ulster, jimbo la kaskazini, inapita humo, na Armagh, makao ya askofu mkuu anayehesabiwa mrithi wa Mtakatifu Patrick, haiko mbali. Mahali penye chakula, njia na askofu mkuu hapakosi watawa.

Wa kwanza kutajwa ni Mochta, Mbritoni (mwenyeji wa kale wa kisiwa cha Uingereza) anayesimuliwa kuwa mwanafunzi wa Patrick mwenyewe. Alijenga katika kijiji kinachoitwa Louth, na kaunti yote ikachukua jina la kijiji hicho. Wa pili ni Buite, ambaye kumbukumbu za kale zinasema alifariki mwaka 521. Mahali pake pakaitwa monasteri ya Buite, na leo panaandikwa Monasterboice.

Hapa nakuomba, Mwalimu, uiweke kando picha ya Peramiho au Ndanda. Abasia zile za Wabenedikto tunazozijua Tanzania ni za aina nyingine kabisa: jengo moja kubwa, kanuni moja iliyoandikwa, kengele moja inayoongoza siku ya kila mtu. Monasteri ya Kiayalandi ilikuwa kama kijiji. Ilizungushiwa boma la udongo, na ndani yake mlikuwa na kanisa dogo, mara nyingi zaidi ya moja, vibanda vya watawa, karakana za wahunzi na wachongaji, na makaburi. Nje ya boma kulikuwa na mashamba na wapangaji waliolipa kwa mazao na ng'ombe. Ayalandi ya wakati huo haikuwa na miji, kwa hiyo kijiji hiki cha watawa ndicho kilichokuwa soko, shule na ghala.

Mkuu wa mahali hapo alihesabiwa mrithi wa mtakatifu mwanzilishi. Kadiri karne zilivyopita urithi huo ukawa wa damu. Cheo kilitembea ndani ya ukoo, na aliyekishika mara nyingi hakuwa padri, alikuwa na mke na watoto, na kazi yake kubwa ilikuwa kusimamia ardhi ya kanisa. Mfano mzuri tunao hapohapo Monasterboice. Flann, mkuu wa shule ya monasteri, aliyefariki mwaka 1056, alikuwa mmoja wa wanahistoria na washairi wakubwa wa Ayalandi wa zama zake. Mashairi yake marefu juu ya nasaba za wafalme yamehifadhiwa hadi leo. Alikuwa baba wa familia. Mwanawe Echthigern akawa msimamizi wa monasteri hadi alipofariki mwaka 1067. Kwa Waayalandi wa enzi ile hapakuwa na kashfa yoyote katika jambo hilo. Ukoo ulikuwa unatunza kaburi la mtakatifu, shule yake na ardhi yake, na uliitunza vizuri.

Ukitaka ushahidi kwamba waliitunza vizuri, utazame msalaba wa Muiredach. Ni jiwe la mchanga lenye kimo cha mita tano na zaidi, lililochongwa mwanzoni mwa karne ya 10 likajaa watu na wanyama kutoka chini hadi juu. Upande wa mashariki wamo Adamu na Hawa, Kaini akimpiga Abeli, Daudi na Goliathi, Musa akiupiga mwamba, Mamajusi, na katikati kabisa Kristo wa siku ya hukumu, waliookoka wakiwa upande mmoja na waliopotea wakifukuzwa upande wa pili. Chini ya miguu yake roho inapimwa kwenye mizani, na shetani amelala chali akijaribu kuivuta mizani ishuke. Upande wa magharibi ni mateso, na Kristo msalabani. Chini kabisa kuna paka wawili, na juu yao maandishi ya Kiayalandi yanayomwomba msomaji amwombee Muiredach aliyeagiza msalaba huu utengenezwe. Abate mmoja wa jina hilo alifariki katika miaka ya 920, na wataalamu wengi wanaona ndiye. Hatua chache kutoka hapo upo msalaba mwingine mrefu zaidi, unaokaribia mita 7, ila mvua ya miaka elfu imeula. Kwa maoni yangu Ulaya ya karne ile haina kazi nyingi za mawe zinazoufikia ule wa Muiredach, na simaanishi Ayalandi peke yake.

Nyuma ya misalaba umesimama mnara wa duara. Ncha yake imevunjika lakini bado ni mrefu sana, na mlango wake uko juu ya ardhi, si rahisi mtu kuufikia bila ngazi. Ulikuwa wa kengele, na pia wa kuficha vitu vya thamani. Kama ghala ulikuwa na kasoro moja kubwa: sakafu zake zilikuwa za mbao, na moto ukiingia chini, mnara wote unageuka bomba la moshi. Mwaka 1097 ulishika moto, na kumbukumbu zinasema uliteketea pamoja na vitabu na hazina nyingi. Huenda vitabu vya Flann vilikuwa humo.

Watu hupenda kusema Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, ndio waliokuwa wakichoma. Walichoma, ndiyo. Mwaka 841 walijenga kambi yao ya majahazi Linn Duachaill, mahali panapoitwa leo Annagassan, kwenye pwani hiyohiyo ya Louth, penye monasteri. Mwaka uliofuata abate wa hapo, Comán, alijeruhiwa na kuchomwa moto, na kumbukumbu inataja waliofanya hivyo bila kuona haya: wapagani pamoja na Waayalandi. Karibu mwaka 970 aliyeishambulia Monasterboice alikuwa Domnall Ua Néill, mfalme Mkristo wa Tara. Palipo na ng'ombe na nafaka za adui, mfalme wa zama zile hakuuliza kama pana altare.

Sasa tufike kwa mtakatifu niliyemtaja. Malachy alizaliwa Armagh mwishoni mwa karne ya 11 na alikuwa askofu mkuu huko katika miaka ya 1130. Kuupata uaskofu huo ilikuwa vita, kwa sababu Armagh nayo ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja kwa vizazi vingi, na wengi wa waliokuwa wakikaa katika kiti cha Patrick hawakuwa hata na daraja ya upadri. Malachy aliuchukia utaratibu huo kwa moyo wote. Mwaka 1140, akiwa safarini kwenda Roma, alipita Clairvaux huko Ufaransa, kwenye nyumba ya Bernard, mmonaki aliyekuwa na sauti kuliko maaskofu wengi wa Ulaya. Malachy alipendezwa na maisha ya pale hadi akamwomba Papa Innocent II amruhusu avue uaskofu na kubaki. Papa akakataa. Basi akawaacha Clairvaux baadhi ya vijana aliosafiri nao, wafundishwe maisha ya wamonaki wa Citeaux, yaani Wasitoo, ili waje wayapande Ayalandi.

Wakayapanda Louth. Donnchad Ua Cerbaill, mfalme wa Airgialla, ufalme uliolishika eneo la Louth, alitoa ardhi katika bonde la mto mdogo wa Mattock, na mwaka 1142 ikaanza Mellifont, nyumba ya kwanza ya Wasitoo katika kisiwa chote. Jina ni la Kilatini, chemchemi ya asali. Bernard alituma wamonaki Wafaransa pamoja na wale Waayalandi waliofundwa, na mmoja wao, Robert, alikuja kusimamia ujenzi. Haukupita muda mrefu Wafaransa wakaanza kurudi kwao. Bernard alimwandikia Malachy kuhusu jambo hilo, na barua yake inaonyesha kwamba walowezi na wenyeji hawakuelewana juu ya nidhamu. Lililompata kila mmisionari duniani liliwapata nao.

Hata hivyo nyumba ilikua haraka ajabu. Miaka 15 baadaye, mwaka 1157, kanisa lilipobarikiwa, walikuwepo maaskofu 17 na wafalme kadhaa. Muirchertach Mac Lochlainn, aliyekuwa akidai ufalme wa kisiwa chote, alitoa ng'ombe 140 na wakia 60 za dhahabu, pamoja na shamba. Ua Cerbaill alitoa wakia 60 za dhahabu. Na mwanamke mmoja, Derbforgaill, mke wa mfalme Tigernán Ua Ruairc, alitoa kiasi hichohicho, akaongeza kikombe cha dhahabu kwa altare ya Bikira Maria na vitambaa kwa altare nyingine tisa. Ni yuleyule ambaye miaka mitano nyuma yake alichukuliwa na Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, na uhasama uliotokana na kisa hicho ulichangia Diarmait kufukuzwa nchini mwaka 1166, akaenda kuwaleta Wanormani, makabaila wapiganaji waliokuwa wakiitawala Uingereza. Derbforgaill alimalizia maisha yake hapohapo Mellifont mwaka 1193.

Tofauti kati ya nyumba hii na ile ya Buite ilionekana kwa macho. Mjenzi wa Kiayalandi aliweka kanisa hapa, kibanda pale. Wasitoo walileta mraba: kanisa upande mmoja, bweni, chumba cha mikutano na ukumbi wa chakula pande nyingine, na katikati uwanja uliozungukwa na baraza. Mbele ya ukumbi wa chakula walijenga, karibu mwaka 1200, kijumba cha pembe nane cha kunawia mikono, chenye matao mazuri sana. Pande nne kati ya nane bado zimesimama, na bila shaka ndizo zilizo kwenye picha za mjukuu wako.

Tofauti iliyokuwa kubwa zaidi ilikuwa ya mashamba. Wasitoo walikuwa na aina mbili za watawa. Wamonaki wa kwaya walisali na kusoma. Mabruda walifunga nadhiri vilevile lakini kazi yao ilikuwa jembe, mifugo na kinu. Mashamba ya mbali yalisimamiwa na mabruda, yakiitwa kwa jina la ghala lake, grange. Moja la mashamba hayo ya Mellifont, karibu na Boyne katika Kaunti ya Meath, ni Newgrange. Watalii wanaokwenda kulitazama kaburi la kale lenye umri wa miaka 5,000 wanalitaja bila kujua jina la shamba la watawa. Walikuwa na mitego ya samaki mtoni, vinu, na kondoo wa sufu. Abate wa Mellifont akawa bwana mkubwa kuliko makabaila wengi wa nchi.

Nyumba zilizaliwa kutoka humo kila upande: Bective huko Meath, Baltinglass huko Wicklow, Boyle huko Roscommon, Newry upande wa kaskazini, na nyingine kadhaa. Wakati huohuo, katika kijiji cha Louth, mahali pa Mochta palijengwa nyumba ya makanoni Waagustino, yaani mapadri wanaoishi pamoja kwa kanuni, kwa mkono uleule wa Ua Cerbaill na marafiki wa Malachy, na huko Termonfeckin wakaja watawa wa kike wa kanuni hiyohiyo. Malachy mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yote. Alifariki Clairvaux mwaka 1148, mikononi mwa Bernard, akiwa tena safarini kwenda Roma.

Na Monasterboice? Mkuu wa mwisho anayetajwa katika kumbukumbu, Fergna, wa uzao wa Flann, alifariki mwaka 1122. Baada ya hapo ni kimya. Hakuna aliyekuja na askari. Wafalme walihamishia dhahabu yao kilomita chache upande wa pili, maaskofu wapya wakachukua mamlaka na sehemu ya ardhi, vijana wenye wito wakavaa kanzu nyeupe za Mellifont, na shule ya Flann ikakosa wanafunzi. Mahali pakabaki kanisa la parokia na makaburi. Ndiyo maana nasema walioziua monasteri za kale hawakuwa Waingereza. Malachy alikuwa na haki kuhusu mengi. Urithi wa uaskofu ndani ya ukoo ulikuwa umeoza. Lakini pamoja na uozo aliondoa pia wanahistoria wenye watoto, na Wasitoo hawakutoa tena mtu kama Flann, wala msalaba kama wa Muiredach. Kanuni yao ilikataza hata mapambo.

Kisa kinachofuata kinahusu lugha na kabila. Baada ya Wanormani kuingia mwaka 1169, Louth ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kugawiwa mabwana wapya, akina de Verdon na Pipard. Mellifont ikajikuta ni nyumba ya Kiayalandi katikati ya mashamba ya Waingereza, na mama wa nyumba nyingi za Kiayalandi. Kuanzia mwaka 1216 wakaguzi waliotumwa na makao makuu ya shirika walifungiwa milango. Mellifont kwenyewe mabruda walisimama langoni wakawazuia kuingia, na mkaguzi hakupata hata kumwona abate. Nyumba nyingine za ukoo wake zikaiga. Jambo hilo linaitwa katika historia Njama ya Mellifont.

Mwaka 1228 alitumwa Stephen wa Lexington, abate wa Kiingereza, mtu mkali na mwandishi mzuri wa barua. Barua zake tunazo. Aliuvunja ukoo wa Mellifont vipandevipande, kila nyumba akaiweka chini ya mama mpya huko Uingereza, Wales au Ufaransa. Akaagiza asipokelewe mtu yeyote asiyeweza kuungama kwa Kifaransa au Kilatini, na kwa muda asichaguliwe Mwayalandi kuwa abate. Hoja yake ilikuwa kwamba anayejua Kiayalandi tu hawezi kupenda vitabu. Nashangaa angesema nini kama angelipelekwa kilomita chache hadi Monasterboice akaonyeshwa kazi za Flann, zilizoandikwa kwa lugha hiyohiyo. Ukoo wa Mellifont ulirudishiwa binti zake mwaka 1274, ila jeraha la kabila halikupona tena.

Mambo ya miji nitayapitia haraka, kwa sababu yanafanana na ya miji mingine ya Ulaya. Karne ya 13 ilileta ndugu wa kuombaomba, watawa walioishi kwa sadaka, wasiotaka mabonde ya faragha bali umati wa watu. Drogheda, bandari ya mto Boyne, iliwavuta wote. Wadominiko waliletwa mwaka 1224 na askofu mkuu Luke Netterville, na wakafuatiwa na Wafransisko, Waagustino na Wakarmeli. Tena palikuwa na hospitali za watawa, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Maria ya Urso. Wafransisko walikuwa Dundalk pia, Wakarmeli Ardee, na mwaka 1305 hivi Richard de Burgh, mkuu wa Ulster, akawapa Wadominiko nyumba Carlingford, yenye kuta nene kama ngome kwa sababu ilikuwa mpakani. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1315 jeshi la Edward Bruce wa Uskochi lilipita, Dundalk ikaporwa, na kanisa la Wakarmeli la Ardee likachomwa moto na watu waliokimbilia ndani.

Nitasimama kidogo Drogheda kwa Philip Bennett, Mdominiko. Drogheda ilikuwa miji miwili, mmoja kila upande wa mto, na miji hiyo iligombana juu ya ushuru wa bandari hadi watu wakauana. Inasimuliwa kwamba Bennett aliwakusanya wa pande zote mbili katika kanisa la Mtakatifu Petro, akawahubiria umoja, kisha akawakaribisha chakula katika nyumba ya ndugu zake. Mwaka 1412 miji ikaunganishwa kwa hati ya mfalme. Napenda kwamba aliwalisha baada ya kuwahubiria.

Henry VIII, basi. Louth ilikuwa ndani ya eneo ambalo serikali ya Dublin ililitawala kweli, na kwa hiyo amri ya kuvunja monasteri ilifanya kazi huko mara moja. Huko Donegal na sehemu nyingine za mbali watawa waliendelea kwa miaka mingi. Julai 1539 Richard Contour, abate wa mwisho wa Mellifont, alisaini kukabidhi nyumba iliyokuwa ya pili kwa utajiri kati ya nyumba za Wasitoo za Ayalandi, baada ya St Mary's ya Dublin. Alipewa pensheni. Carlingford, Drogheda, Dundalk, Ardee, zote zilikwenda katika miezi hiyo. Usitafute mashahidi wengi hapa, Mwalimu. Wengi wa watawa walisaini wakaondoka, na makabaila Wakatoliki wa Louth walikuwa mstari wa mbele kuipangisha ardhi.

Mellifont iliishia kwa familia ya Moore, Waingereza, walioligeuza kanisa kuwa nyumba ya kabaila. Humo, tarehe 30 Machi 1603, Hugh O'Neill, kiongozi wa Ulster aliyepigana na Waingereza miaka tisa, alipiga magoti mbele ya mwakilishi wa malkia, Lord Mountjoy, akaomba amani. Malkia Elizabeth alikuwa amefariki siku sita kabla. Mountjoy alijua, O'Neill hakujua. Mwaka 1607, kabla ya kukimbilia Ulaya moja kwa moja, O'Neill alipita tena Mellifont kumuaga Garret Moore, rafiki yake, na akaondoka akilia bila kueleza sababu. Baadaye akina Moore walihamia Kildare, katika nyumba nyingine iliyokuwa ya Wasitoo, na Mellifont ikaachwa ibomoke. Katika karne ya 19 wageni waliikuta ikifugiwa nguruwe.

Lakini watawa hawakutoweka, na hapa nusu ya pili ya maneno ya mjukuu wako inahitaji kurekebishwa. Ndugu wa mijini walirudi kisirisiri, wakaishi katika nyumba za kupanga, wakavaa kiraia. Walikuwa wengi kiasi kwamba katika miaka ya 1670 Wadominiko na Wafransisko waligombania haki za nyumba zilizokuwa magofu, Carlingford ikiwemo, na ikabidi askofu mkuu Oliver Plunkett aamue. Aliwapa Wadominiko, na Wafransisko kadhaa hawakumsamehe. Wengine walisimama kutoa ushahidi dhidi yake aliposhtakiwa London kwa uhaini wa kubuni. Alinyongwa Tyburn tarehe 1 Julai 1681. Mwaka 1697 bunge la Dublin lilipitisha sheria ya kuwafukuza watawa wote. Mwaka 1722, sheria hiyo ikiwa bado ipo, Catherine Plunkett, wa ukoo uleule, alianzisha Drogheda nyumba ya masista Wadominiko, Siena. Wao ndio waliotunza kichwa cha Plunkett karibu miaka 200. Leo kiko katika kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo, na Plunkett alitangazwa mtakatifu mwaka 1975.

Wasitoo nao walirudi. Mwaka 1938 wamonaki kutoka Mount Melleray, Waterford, walinunua jumba la Oriel Temple huko Collon, si mbali na magofu, wakaliita Mellifont Mpya. Jumba hilo lilikuwa la John Foster, spika wa mwisho wa bunge la Ayalandi la zamani, mpinzani mkali wa haki za Wakatoliki.

Kuhusu masista wenu: hawa ni Masista wa Kimisionari wa Tiba wa Maria, na kwa kanuni za Kanisa wao si wamonaki. Nadhiri za mmonaki zinamfunga mahali pamoja. Wao nadhiri zao zinawatuma. Mwanzilishi wao, Mary Martin, alikuwa muuguzi katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa miaka mingi alizuiwa, kwa kuwa Kanisa halikuruhusu watawa wa kike wafanye kazi ya ukunga. Ruhusa ilitoka Roma mwaka 1936. Mwaka 1937, akiwa mgonjwa kitandani huko Port Harcourt, Nigeria, aliweka nadhiri na shirika likazaliwa. Makao yao wakayaweka Drogheda, na hospitali yao ya Mama Yetu wa Lourdes ndiko walikofunzwa wengi waliokuja Tanganyika kuanzia miaka ya 1940, na Makiungu katika miaka ya 1950. Undugu wa damu na Mellifont, basi, hakuna. Upo undugu wa pembeni: kabla ya shirika kuanza, Mary Martin na wenzake wa kwanza walikaa na Wabenedikto wa Glenstal, Limerick, wakiwafanyia kazi za nyumbani huku wakifundwa maisha ya sala. Na kama tunatafuta mababu, mimi ningewaweka karibu na wale wa hospitali ya Urso, waliotunza wagonjwa mji uleule miaka 700 kabla yao, ingawa hakuna mstari unaowaunganisha.

Kwa siku moja, mjukuu apande treni ya asubuhi Dublin hadi Drogheda, na ashuke na viatu vya kutembea kwenye majani mabichi. Mjini aone kanisa la Mtakatifu Petro na Plunkett, kisha apande mlima mdogo hadi mnara wa Magdalene, ndio wote uliobaki wa nyumba ya Wadominiko. Kanisa la Wafransisko limekuwa jumba la sanaa, Highlanes, tangu 2006. Aingie, ni pazuri. Halafu achukue teksi, na wakubaliane bei ya mzunguko mzima, kwa sababu mabasi ya huko vijijini hayategemeki. Aende Monasterboice kwanza, wakati jua la kabla ya adhuhuri linaangukia upande wa mashariki wa msalaba, maana bila mwanga wa pembeni michongo haionekani vizuri. Mellifont iwe ya mchana. Kama muda utambana, aache Mellifont, asiache Monasterboice, na awatafute wale paka wawili.